"Rudi ushago" ni tusi. Ngoja nikupigie hesabu

Wasee, leo hakuna vichekesho. Ukitaka ile vidio ya makanga wa 46 teremka chini, bado iko. Leo nimekuja na hasira na kalkuleta.

Kila wiki lazima mtu mzima aingie kwenye komenti zangu kuniambia nirudi ushago nikalime. Nikisema kodi ya keja Kawangware imepanda: rudi ushago. Nikisema nimemaliza chuo na bado nabeba simiti kwenye mjengo wa watu Lavington: rudi ushago, mashamba yamelala huko kwenu. Juzi nimeandika tu kwamba mtungi wa maji umepanda bei, jamaa mmoja mwenye picha ya trekta akaniambia vijana wa Nairobi wanaogopa jembe. Nikamfuatilia. Hiyo trekta imetolewa kwenye tangazo. Yeye mwenyewe anaishi Ruaka, ghorofa ya nne.

Sikasiriki kwa sababu nadharau shamba. Nakasirika kwa sababu hilo shamba nalijua, nimelipima kwa miguu yangu, na hakuna hata mmoja wa hawa washauri aliyewahi kuniuliza lina ukubwa gani.

Kwetu ni Bunyore, kaunti ya Vihiga. Basi la usiku linakuacha Luanda kabla jua halijatoka, unapanda boda mpaka barabara inapokataa, halafu unatembea katikati ya mawe makubwa kama matatu zilizoegeshwa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 590,013 Vihiga, yaani watu 1,047 kwa kila kilomita mraba. Kenya nzima kwa wastani ilikuwa watu 82. Soma tena hizo namba polepole. Hiyo 1,047 si Pipeline wala Githurai, hakuna ghorofa hapo. Ni mashambani, kwenye mahindi na migomba, ambako unatakiwa urudi ukapate nafasi.

Guka aliacha ekari moja na robo. Alikuwa na wana watano, kwa hiyo kila mmoja robo ekari, kile kipande ambacho madalali wa ploti wanakiita mia kwa mia. Baba yangu ana watoto watatu: mimi, kaka yangu na dada yangu. (Ndiyo, dada pia anahesabiwa. Sheria ya Urithi ilianza kutumika 1981, Katiba ya 2010 ikatilia mkazo, na baba wadogo wangu mpaka leo wanajifanya habari hizo hazijafika Bunyore.) Changu basi ni moja ya kumi na mbili ya ekari. Ile ploti ya hamsini kwa mia ambayo watu wa Nairobi wanachukulia mkopo Kitengela ili wajenge nyumba ya kulala ni kubwa kuliko shamba ambalo naambiwa nikalime nitajirike.

Twende mbele. Mwaka mzuri, mbolea ikifika kwa wakati na viwavijeshi wasipofika (hao wadudu waliingia Kenya 2017 na hawajaaga), ardhi yetu inatoa kama magunia manane ya mahindi kwa ekari. Kwenye kipande changu hizo ni kilo sitini. Gorogoro thelathini. Kwetu mtaani tuko wanne na gorogoro moja inaisha kwa siku mbili. Kwa hiyo mavuno yangu yote ni miezi miwili ya ugali, bila mboga. Msimu wa pili unatoa nusu ya hapo, mvua ikitaka. Na bado sijatoa mahali pa kujenga nyumba, sijatoa mikaratusi ya mpakani inayokunywa maji yote, sijatoa yale mawe, sijatoa makaburi. Makaburi kwetu ni saba. Huwezi kupanda maharagwe juu ya guka.

Hati ya shamba? Iko na jina la baba yake guka, mtu aliyekufa kabla baba yangu hajazaliwa. Kuibadilisha unahitaji barua ya chifu, kesi ya urithi kortini, mpima ardhi, na ndugu watano wakubaliane siku moja, jambo ambalo halijawahi kutokea hata kwenye kugawana kuku. Kwa hiyo nenda benki uwaambie una shamba. Watakuuliza wewe ndiye marehemu?

Sasa mtu wa trekta atasema kuna vijana wamerudi na wamefaulu. Kweli wapo. Nimewaona hao wenye mabwawa ya samaki na parachichi za kuuza ng'ambo. Ukiangalia vizuri, mmoja ana ekari kumi Trans Nzoia alizonunuliwa na mzazi mwenye pensheni, mwingine ana kisima na sola. Hao hawakurudi na jembe. Walirudi na pesa, na pesa hizo zilitoka mjini. Nipe mimi hizo pesa uone kama nitaogopa jembe. (Sawa, nitaogopa kidogo. Mara ya mwisho nilipopalilia, kukhu alinifuata nyuma akipanda tena mahindi niliyong'oa nikidhani ni majani.)

Lakini leo sitawapiga wazee peke yao. Sisi pia tuna kesi, na mimi ndiye mshtakiwa wa kwanza.

Desemba ya mwaka juzi nilimrekodi kukhu akipanda kilima kutoka chemchemi na mtungi wa lita ishirini kichwani. Amepita miaka sabini. Nikaweka muziki wa kuchekesha, nikaandika "Mazoezi ya ushago hayana ada", nikairusha. Ilitazamwa kuliko kitu chochote nilichowahi kutengeneza. Komenti zilikuwa za aina mbili tu. Wa kwanza walicheka: miguu mitupu, njia ya matope, ati watu wa huko bado wanaishi hivi? Wa pili waliugua kwa mahaba: oh, maisha bila presha, hewa safi, chakula asili, mbona tulikuja mji huu. Nilifurahia wote. Nilijibu mioyo.

Mtoto wa jirani akamwonyesha kukhu kwenye simu. Akanipigia. Mimi nimepewa jina la guka, kwa hiyo kukhu ananiita mzee wangu na huwa hanigombezi. Akasema, "Mzee wangu, ungeniambia unapiga picha, ningevaa viatu."

Hiyo tu. Akauliza kama nimekula, akakata kwa sababu salio lake lilikuwa linaisha.

Mimi naijua ile chemchemi. Wakati wa kiangazi foleni inaanza saa kumi usiku. Najua kukhu hapandi kile kilima mara moja, ni mara nne. Najua hewa safi jikoni kwake ni moshi wa kuni, na macho yake yanatoka machozi tangu nikiwa mdogo. Yote hayo niliyakata kwenye vidio kwa sababu hayakuendana na muziki. Wewe unayecheka na wewe unayesema maisha bila presha mmetazama kitu kimoja nilichowatengenezea, na wote wawili mmepitwa na yule mwanamke.

Na wacha hii ya kuwaona watu wa ushago washamba wasiojua kitu. Bunyore hiyo hiyo kuna ukoo wa Nganyi, unaojulikana vizazi na vizazi kwa kusoma mvua: ndege, maua ya miti fulani, upepo, tabia za wadudu. Wataalamu wa idara ya hali ya hewa ya serikali walikwenda kuketi nao, wakalinganisha utabiri wa mitambo na wa wazee, wakatoa mmoja wa pamoja kwa wakulima. Sasa wewe ambaye hujui kama kesho utabeba mwavuli mpaka simu ikuambie, unamcheka nani?

Tuje kwa chapaa. Parachichi la kukhu dalali analichukua mtini kwa shilingi nne, anachagua makubwa tu, madogo anayaacha yaoze. Hilo hilo nalikuta Kawangware linauzwa ishirini na tano, na mama anayeliuza naye hatajiriki, kwa sababu amelipia gari, amelipia ushuru wa soko, na mengine yamepondeka njiani. Mama mdogo wangu anauza mboga Kibera, Laini Saba. Anaamka saa tisa usiku kwenda kupokea mrenda na saga zinazokuja na mabasi ya magharibi. Ukimwambia akupunguzie shilingi tano kwenye kifungu cha ishirini, unajua ile tano inatoka wapi? Yeye hana pa kuitoa. Atamwambia dalali, dalali atamwambia mtu wa Luanda, na mtu wa Luanda atamwambia mwanamke mmoja asiye na viatu.

Halafu tunajifanya ushago ni kule na sisi ni huku. Kibera yenyewe ilikuwa msitu. Jina lilitoka kwa Wanubi, askari wa King's African Rifles waliopewa makao pale mwanzoni mwa karne iliyopita, na kwa lugha yao kibra ni msitu. Kawangware ina ndege ndani ya jina: ngware, kwale kwa Kikikuyu. Na wazee wetu hawakuacha mashamba kwa kupenda taa za mji. Mkoloni alileta kodi ya nyumba, akataka ilipwe, na sarafu zilikuwa kwa mwajiri. Wanaume wakaja kutafuta hizo sarafu, wanawake wakabaki na jembe. Zaidi ya miaka mia imepita na mpangilio ni ule ule. Hata Jakarta, mamilioni wanaorudi vijijini kila Idi wana jina la safari hiyo, mudik. Sisi tunasema tu Desemba, nauli inapanda maradufu na hakuna anayeshangaa.

Hapa ndipo hasira yangu ilipo hasa. Nairobi inatupa ushago kila kitu isichotaka kulipia. Mtu akizeeka na hana pensheni, anapelekwa ushago. Akiugua ugonjwa wa gharama, ushago. Msichana akipata mimba na kuachwa, mtoto anapelekwa kwa kukhu. Shule zilipofungwa 2020, binamu zangu wanne kutoka Kibera walipandishwa basi kabla Nairobi haijafungwa mwezi wa nne, ingawa Wizara ya Afya ilikuwa inaomba watu wasisafiri wakawaambukize wazee. Wangebaki wapi? Keja ni kumi kwa kumi na mama mdogo hakuwa na wateja. Kukhu aliwalisha karibu mwaka mzima kwa mahindi ya mtu mmoja. Hakuna aliyemtumia ruzuku. Hakuna aliyemuita shujaa wa uchumi. Siku shule zilipofunguliwa watoto wakarudi, na ghala lake lilikuwa tupu kabla ya msimu.

Na mwisho kabisa tunarudi tukiwa kwenye sanduku.

Mnajua jinsi tunavyochanga matanga. Mtu wa Kawangware akifa, jioni hiyo hiyo kuna kikao, kuna daftari, kuna namba ya M-Pesa, kuna mzee wa kusoma majina kwa sauti ili asiyetoa aone haya. Gari la maiti, sanduku, chakula cha waombolezaji siku tatu, hema, muziki. Sipingi mtu kuzikwa kwao. Mimi mwenyewe nataka kuzikwa pale, hata kama ni juu ya jiwe. Ila sikilizeni hii.

Mwaka jana mwezi wa pili niliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp. Tuko watu sitini na tatu. Nikasema: kukhu anahitaji mbolea ya kupandia na mbegu kabla ya mvua ya Machi, kila mtu atoe mia mbili, hatutasumbuana tena mpaka Agosti. Watu wawili walituma pesa. Mmoja alituma ile mikono ya kuomba. Baba mdogo mmoja akaniuliza kwa faragha kama nina tamaa na shamba la wazee. Siku tisa baadaye shemeji wa baba mdogo huyo huyo alifariki. Kufikia jioni ya pili shilingi 48,000 zilikuwa zimeingia, na mimi nilikuwa mmoja wa waliotuma.

Kwa maiti tuna sauti moja. Kwa mtu aliye hai anayetulisha tunatuma emoji.

Serikali nayo sijaisahau, ila hapo sitakaa sana kwa sababu mnajua. Mwaka 2003 huko Maputo viongozi wa Afrika, Kenya ikiwemo, waliahidi kuweka asilimia 10 ya bajeti kwenye kilimo. Kenya haijafika hapo. Kilimo kimepelekwa kaunti tangu Katiba ya 2010. Mwaka 2024 mbolea bandia ilipatikana ndani ya mpango wa ruzuku wa gunia la shilingi 2,500; Bunge la Taifa likapiga kura kumng'oa waziri wa kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, kamati maalum ikasema tuhuma dhidi yake hazikuthibitishwa, kesi ikaishia hapo. Sawa. Na aliyepanda ile mbolea je? Msimu haurudishwi. Ukipanda mawe Machi, Agosti unavuna mawe, na huko Bunyore mawe tayari tunayo ya kutosha.

Kwa hiyo mtu wa trekta, nikuulize wewe. Unaposema nirudi ushago, unataka nirudi nikafanye nini hasa? Kwa sababu naona unachotaka ni niondoke mbele yako. Nikiwa Kawangware bila kazi mimi ni tatizo lako: naandamana, napiga kelele kuhusu kodi, nakujazia komenti. Nikiwa Bunyore bila kazi mimi ni tatizo la kukhu, na kukhu hana akaunti. Njaa ni ile ile, ila hapo haina mtandao.

Ukitaka nirudi, zungumza mambo ya kurudi. Zungumza kesi za urithi ziwe nafuu mtu aweze kuzimaliza akiwa hai. Zungumza afisa wa kilimo ambaye amewahi kuonekana na macho. Zungumza maji yapande kilima kwa bomba. Zungumza ghala na jokofu Luanda ili yale parachichi madogo yasioze chini ya mti. Muulize MCA wa kwenu, si mimi. Mimi siku hizi namuuliza wa kwetu, kwa jina, kila akirusha picha ya kugawa viti vya plastiki matangani, na ameniblok mara mbili.

Na sisi tunaotengeneza kontenti: ukienda Desemba, muulize mtu kabla ya kumrekodi. Mwambie avae anachotaka. Ikileta pesa, yake mpe. Ile vidio yangu niliishusha, na kabla mtu hajaniuliza, ndiyo, ilikuwa imeniletea chapaa kidogo kupitia tangazo la duka moja, na chapaa hiyo nilikuwa nimenunulia taa ya kurekodia.

Mwaka huu sikuandika kwenye kundi. Mimi, dada yangu na mama mdogo wa Kibera tumekuwa tukiweka mia kila Jumapili tangu Oktoba, na wiki iliyopita tulituma ya gunia moja la mbolea na mbegu pakiti mbili. Dada ndiye aliyekuja na wazo hilo, na ndiye anayeshika daftari. Baba wadogo wanaweza kusoma hapa wakitaka. Juu ya gunia nikaongeza gambuti, nyekundu, saizi sita, nikazipakia kwenye basi la usiku.

Zilifika salama. Nimempigia jana kuuliza kama zinamtosha. Mvua ya kwanza imeshanyesha, njia ya chemchemi ni utelezi mtupu, na kukhu bado anapanda kile kilima miguu mitupu. Gambuti ameziweka chini ya kitanda ndani ya karatasi yake. Anasema hizo ni za siku nitakayokuja kupiga picha.